Gari Moja Kila Dakika Mbili

Tarehe 31 Machi 2016, kampuni ya Tesla ilizindua gari lake la Model 3 katika jimbo la California, Marekani. Yaliyoonyeshwa siku hiyo yalikuwa magari machache ya maonyesho. Kiwanda kilikuwa hakijaanza kuliunda gari lenyewe, na wahandisi walikuwa bado wanaumiza vichwa juu ya michoro. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 35,000. Aliyetaka nafasi kwenye foleni aliweka arubuni ya dola 1,000, akijua atarudishiwa akibadili nia. Watu walijipanga nje ya maduka tangu asubuhi, kabla hata ya kuliona gari, na ndani ya wiki moja oda zikafika 325,000.

Hizo ni dola milioni 325 zilizokusanywa kwa siku saba, bila riba, kwa kitu ambacho hakijatengenezwa. Tesla yenyewe ilipiga hesabu kwamba oda zile zingezaa mauzo ya karibu dola bilioni 14. Hadi Agosti 2017 waliowahi kuweka arubuni walikuwa 518,000. Watu 63,000 walikuwa wamejitoa na kurudishiwa pesa zao, foleni ikabaki na 455,000. Yaani katika kila watu 100, 12 walichoka na 88 waliendelea kusubiri, mwaka mmoja na miezi minne baada ya kutoa pesa. Sijui bidhaa nyingi duniani ambazo zimewahi kupewa subira ya namna hiyo.

Sasa tutazame upande wa kiwanda. Magari 30 ya kwanza yalikabidhiwa mwishoni mwa Julai 2017, kwa wafanyakazi wa kampuni. Katika robo ya tatu ya mwaka huo Tesla ilitarajia kuunda magari zaidi ya 1,500. Iliunda 260. Kwa mwendo wa magari 260 kila miezi mitatu, foleni ya watu 455,000 ingeisha baada ya miaka 437. Robo iliyofuata yalitoka magari 2,425, na foleni ingehitaji miaka 47. Robo ya kwanza ya 2018 yalitoka 9,766: karibu miaka 12. Robo ya pili 28,578: miaka minne. Robo ya tatu ya 2018 yalitoka 53,239, na hapo foleni ikawa ya miaka miwili na kidogo.

Wengi waliofuatilia habari hizi walizisoma kama hadithi ya ucheleweshaji. Zilikuwa hivyo, lakini mimi nazisoma kwa jicho jingine. Gawanya 53,239 kwa 260. Ndani ya mwaka mmoja kiwanda kile kiliongeza kasi mara 205. Wakaguzi hawaongezeki mara 205 kwa mwaka mmoja, wala mafundi wenye uzoefu, wala vipimo, wala muda wa kutazama kazi iliyofanyika. Ndiyo maana swali la lini gari litafika lilizaa swali zito zaidi: litakapofika, litakuwa katika hali gani?

Lengo lililokuwa likitajwa kila siku lilikuwa magari 5,000 kwa wiki. Liliahidiwa kwa mwisho wa 2017, likasogezwa hadi Machi 2018, likasogezwa tena hadi Juni. Wiki ina dakika 10,080. Hata kiwanda kisipolala, magari 5,000 kwa wiki ni gari moja kila dakika mbili. Chukua mfano wa mashine ya kukazia bolti ambayo imepoteza kipimo saa mbili asubuhi. Kasoro ikigundulika saa kumi jioni, magari 240 yameshapita nayo. Ikigundulika baada ya wiki, ni magari 5,000, na baadhi yake yapo juu ya malori yanakatiza bara kuelekea New York. Ikigundulika baada ya mwezi, ni zaidi ya 20,000, mengi yakiwa kwenye gereji za nyumbani kwa watu, na bolti ile sasa lazima itafutwe moja moja, jimbo kwa jimbo.

Kuna hesabu nyingine ambayo wahandisi wa magari huizoea mapema kazini, na ambayo sisi wanunuzi hatuambiwi. Tuseme gari lina vipande 10,000 tofauti, idadi ambayo haiko mbali na ukweli. Tuseme kila kipande kina uwezekano wa asilimia 99.99 wa kuwa sawasawa na kufungwa sawasawa. Kwa masikio ya kawaida hicho ni kiwango cha kusifiwa: kosa moja katika kila mara 10,000. Lakini ukizidisha uwezekano huo kwa wenyewe mara 10,000, unapata kwamba ni magari 37 tu kati ya 100 yatakayotoka bila kasoro hata moja. Mengine 63 yatakuwa na kitu, pengine kidogo tu, kama mpira wa mlango uliopinda au waya uliolegea. Ongeza umakini mara kumi, ufike asilimia 99.999, na magari safi yanakuwa 90 kati ya 100. Punguza umakini mara kumi, ushuke hadi asilimia 99.9, na hutapata gari moja safi katika 10,000. Kati ya hali hizi tatu, tofauti anayoiona mfanyakazi mmoja mmoja kwenye kituo chake ni ndogo mno. Anayeiona kwa ukamilifu ni mteja.

Mbele ya hesabu hiyo, Tesla ilichagua njia ya roboti. Wazo lilikuwa kwamba mashine haichoki na haisahau, kwa hiyo uziweke nyingi kadiri inavyowezekana. Kilichotokea kwenye kiwanda chao cha betri huko Nevada kinastahili kutazamwa kwa karibu. Juu ya kasha la betri, kabla halijafungwa chini ya gari, palikuwa panawekwa vitambaa laini vya nyuzi za kioo. Roboti iliyopewa kazi ya kuvichukua na kuvilaza haikuweza. Kitambaa laini kinajikunja, kinateleza, kinakataa kushikwa na mkono wa chuma; mtoto angeweza kukilaza, lakini roboti ilikuwa inashindwa na kusimamisha kila kilicho nyuma yake. Pesa na siku zikamwagwa katika kuirekebisha. Baadaye Elon Musk, mkuu wa kampuni, akauliza vitambaa vile ni vya nini hasa. Watu wa usalama wa betri wakasema vya kupunguza kelele. Watu wa kelele wakasema vya kuzuia moto. Wakachukua magari mawili, moja lenye vitambaa na moja lisilo navyo, wakaweka vipaza sauti ndani, wakasikiliza. Hapakuwa na tofauti. Vitambaa vikaondolewa, na roboti nayo ikaondoka.

Musk mwenyewe alikiri hadharani Aprili 2018 kwamba kutumia mashine kupita kiasi lilikuwa kosa, na kwamba wanadamu hawathaminiwi inavyostahili. Nampa heshima kwa kulisema. Lakini wakati analisema, kampuni ilikuwa imepata hasara ya karibu dola milioni 710 katika robo moja ya mwaka, sawa na dola milioni 7.9 kila siku iendayo kwa Mungu. Ukijua tarakimu hiyo utaelewa ni nini kinachomkabili msimamizi wa zamu anapoona mlango uliokaa upande. Kuusimamisha mstari ni kuongeza dakika kwenye siku ambayo tayari inagharimu karibu milioni nane. Kuuachia upite ni kumkabidhi mtu mwingine tatizo, na mtu huyo hayupo pale kulalamika.

Juni 2018 Tesla ilisimika hema kubwa katika uwanja wa kiwanda chake cha magari cha Fremont na kuanzisha humo mstari mwingine wa kuunganishia magari. Wiki ya mwisho ya mwezi huo yakatoka magari 5,031, na karibu moja katika matano lilitoka kwenye hema. Lengo likawa limefikiwa, miezi sita baada ya tarehe ya kwanza.

Magari yenyewe yalikuwaje? Sandy Munro, mhandisi wa Michigan ambaye kazi yake ni kuyafumua magari mapya na kuyapima kipande kwa kipande, alipolipata Model 3 la mapema mwaka 2018 alishtushwa na bodi. Nafasi kati ya mlango na mlango, kati ya boneti na mbawa, hazikulingana. Upande mmoja pana, upande mwingine nyembamba. Alisema alichokiona kilimkumbusha magari ya Kia ya miaka ya 1990. Alipofika kwenye betri na vifaa vya umeme akageuka kuwa msifiaji mkubwa. Gari lilikuwa na moyo wa kisasa na ngozi iliyoshonwa kwa haraka.

Nafasi hizo za bodi ni milimita chache, na kuna wanaosema ni mambo ya urembo tu. Sikubaliani nao. Katika viwanda vyenye utaratibu, gari lililokamilika huingia kwenye chumba chenye taa kali kila upande, na mkaguzi aliyevaa glavu laini hupitisha kiganja juu ya boneti, juu ya milango, hadi kwenye buti, taratibu, akisikiliza kwa vidole. Kidole kinakuta ukingo uliochomoza kabla jicho halijauona. Anapouona mlango umekaa vibaya, anachokitafuta ni kilichousababisha: bawaba iliyofungwa kabla ya wakati, au fremu iliyochomelewa ikiwa imepinda. Na fremu iliyopinda ina mambo mengine yanayoitegemea ambayo kiganja hakiyafikii.

Mei 2018 shirika la Consumer Reports, linalowapimia wanunuzi bidhaa, lilikuta kwamba Model 3 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 96 kwa saa lilihitaji mita 46 kusimama. Pikapu ya Ford F-150, gari kubwa la mizigo, ilisimama katika umbali mfupi kuliko huo. Shirika likakataa kulipendekeza gari. Ndani ya siku chache Tesla ikatuma programu mpya ya breki kwa njia ya mtandao, magari yakaipokea yakiwa yameegeshwa, na umbali wa kusimama ukashuka hadi mita 40 na nusu. Karibu mita sita zikapatikana bila fundi kugusa spana. Lilikuwa jambo la ajabu na la kusifiwa, na papo hapo likazaa mazoea ambayo yananitia wasiwasi. Kampuni ikishajua inaweza kurekebisha baadaye, inakuwa rahisi zaidi kuachia sasa. Rangi iliyochubuka haitumiwi kwa mtandao. Kioo kilichopasuka hakitumiwi kwa mtandao. Februari 2019 shirika lile lile liliondoa tena pendekezo lake, safari hii kwa sababu wamiliki walikuwa wameripoti matatizo ya rangi, bodi na vioo. Lililirudisha mwishoni mwa mwaka huo, hali ilipoboreka.

Utafiti wa kampuni ya J.D. Power wa mwaka 2020, unaohesabu matatizo yanayowakuta wamiliki katika siku 90 za mwanzo, uliipa Tesla kiwango cha matatizo 250 kwa kila magari 100. Wastani wa watengenezaji wote ulikuwa 166, na waliofanya vizuri kuliko wote, Kia na Dodge, walikuwa na 136. Kia, ambayo jina lake Munro alilitumia kama mfano wa uzembe wa zamani, ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza.

Nipige hesabu nyingine ya mfano, maana hapa ndipo gharama inapojificha. Tuseme gari moja kati ya kumi linatoka na kasoro inayohitaji saa tatu za fundi. Kwa magari 5,000 kwa wiki, hayo ni magari 500 na saa 1,500. Ukiweka mafundi 38, kila mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, unamaliza. Mishahara ya mafundi 38 ni gharama ndogo kwa kampuni ya ukubwa huo. Sasa kasoro zile zile ziachiwe zitoke. Kila mteja atapoteza siku moja: kupiga simu, kupeleka gari kwa huduma, kutafuta usafiri wa kurudi, kulifuata tena. Ni siku 500 za watu kila wiki, siku 26,000 kwa mwaka. Siku hizo haziandikwi kwenye kitabu chochote cha hesabu cha kampuni. Mkaguzi wa mwisho anakuwa mteja, na kazi hiyo anaifanya bure, baada ya kulipia gari.

Na wateja wa Tesla walilipia kwa njia nyingine pia. Serikali ya Marekani ilikuwa inampa mnunuzi wa gari la umeme nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500, lakini kwa kila kampuni nafuu hiyo ilianza kupungua baada ya kuuza magari 200,000. Tesla ilifika hapo Julai 2018. Kuanzia Januari 2019 nafuu ikawa dola 3,750, na kuanzia Julai mwaka huo dola 1,875. Gari la dola 35,000, lile lililotangazwa siku ya uzinduzi, lilianza kuuzwa tarehe 28 Februari 2019. Aliyejipanga foleni Machi 2016 akisubiri gari la bei hiyo, kwa kuwa ndiyo aliyoweza, alikosa dola 3,750 za nafuu, zaidi ya asilimia 10 ya bei. Aliyekuwa na uwezo wa kuchukua la dola 49,000 mwaka 2017 alilipata mapema pamoja na nafuu yote. Mwenye kipato cha chini ndiye aliyesubiri zaidi na kupata pungufu.

Pamoja na yote hayo, watu walivumilia, na naona si haki kuwaita wajinga. Consumer Reports iliwauliza wamiliki kama wangenunua gari lile tena, na Model 3 likawa juu kabisa kwa kuridhisha. Septemba 2018, kampuni ilipozidiwa na kazi ya kukabidhi magari, wamiliki wa zamani walijitokeza wikendi kwenye vituo vya makabidhiano, bila malipo, kuwaonyesha wageni jinsi ya kufungua buti na kutumia skrini. Ukiwatazama watu hao unaelewa subira ya mteja imejengwa juu ya nini. Wanakubali kungoja, na hata kasoro ndogo, wakiamini kwamba aliyewauzia anahangaika kama wao. Robo hiyo hiyo Tesla ilipata faida ya dola milioni 312, baada ya hasara ya zaidi ya dola milioni 700 katika kila moja ya robo mbili zilizotangulia. Faida ile ilitoka kiwandani, na ilitoka pia kwenye mifuko na muda wa watu waliokubali kusubiri.

Ford walikutana na mtihani wa aina hiyo na wakaujibu kwa namna nyingine. Julai 2020 walizindua Bronco mpya kwa arubuni ya dola 100, na ndani ya wiki tatu watu 165,000 wakajiandikisha. Korona ikachelewesha vipuri. Magari yalipoanza kutoka katikati ya 2021, paa gumu la kubanduliwa lililotengenezwa na kampuni ya Webasto likaonekana kuharibika sura linapokutana na maji na unyevu mwingi. Wamiliki walisema linageuka kama ngozi ya nyoka. Paa halikuwa linamuumiza mtu. Agosti 2021 Ford ilitangaza kwamba itabadilisha mapaa yote ya aina hiyo yaliyokwisha kuundwa, na magari kwa maelfu yakabaki kwenye viwanja vya Michigan yakisubiri. Wateja wenye oda walizitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakaupa uwanja mmoja jina la Mlima wa Udongo, wakatafuta lipi ni lao. Walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu paa ni la kupimwa kwa maji kabla ya tarehe kutangazwa. Lakini nikipewa nafasi ya kuchagua mahali pa kulikuta tatizo langu, nitachagua uwanja wa mtengenezaji kuliko barazani kwangu.

Kwamba kuchelewesha ni nafuu kuliko kuachia, General Motors walilithibitisha kwa gharama ya roho za watu. Mwaka 2002 swichi ya kuwashia gari iliidhinishwa kutumika katika magari yao madogo mapya ikiwa chini ya kiwango walichokiweka wenyewe. Ilikuwa nyepesi: goti likiigusa, au funguo zikiwa nzito, ingeweza kuteleza na kuzima injini gari likiwa barabarani, na injini ikizima hivyo eabegi hazifunguki. Chevrolet Cobalt lilipozinduliwa mwaka 2004 tatizo lilionekana, uchunguzi ukafunguliwa, ukafungwa mwaka uliofuata kwa hoja kwamba suluhisho lililopo halina maslahi ya kibiashara. Magari yaliitwa yarudishwe mwaka 2014, miaka 12 baada ya swichi kuidhinishwa. Katika mahojiano ya kamati ya bunge la Marekani Aprili mwaka huo, gharama ya kipande cha kurekebishia ilitajwa kuwa senti 57.

Senti 57 kwa magari milioni 2.6 ni kama dola milioni 1.5. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275, ukalipa dola milioni 594.5. Faini ya serikali ilikuwa dola milioni 900. Malipo hayo mawili peke yake, bila kugusa kesi nyingine wala kazi ya kuyarekebisha magari yenyewe, ni karibu mara 1,000 ya bei ya kipande. Hakuna tarakimu nyingine katika makala hii ambayo ningependa ikumbukwe kuliko hiyo, isipokuwa ile ya 124.

Jengo la Fremont, ambamo Tesla ilihangaika na magari yake 5,000, lina historia yake katika jambo hili hili. Kuanzia 1984 hadi 2010 lilikuwa kiwanda cha ubia wa General Motors na Toyota. Toyota waliwachukua wafanyakazi wa Kimarekani hadi Japani kujifunza, na waliporudi wakakuta kamba imetandazwa juu ya mstari wa kuunganishia magari. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa kikundi alikuja mbio. Wakishindwa kulimaliza tatizo kabla gari halijatoka kwenye kituo kile, mstari ulisimama. Wafanyakazi wale wale ambao General Motors ilikuwa imewakatia tamaa chini ya utaratibu wa zamani, ambapo kusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa, wakaanza kutoa magari mazuri kuliko karibu kiwanda kingine chochote cha kampuni hiyo. Kwa kasi ya magari 5,000 kwa wiki, dakika mbili za kusimama zinagharimu gari moja. Nimeonyesha juu kwamba kasoro iliyoachwa hadi jioni inagharimu magari 240.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Kampala anaweza kuona haya ni ya watu wa mbali, maana gari atakalonunua huenda likawa la mtumba kutoka Japani. Kenya inaruhusu magari yasiyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari linalozinduliwa leo kwa shangwe litafika bandarini kwetu miaka kadhaa baadaye, pamoja na kila kasoro ambayo haikushughulikiwa. Taarifa ya kuliita gari lirudi kwa matengenezo hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishapanda meli, barua inamfuata mtu ambaye hana tena gari.

Mfano mkubwa ni eabegi za kampuni ya Takata. Nchini Marekani pekee ziliitwa zirudishwe takriban milioni 67, na zilikuwa kwenye magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na mengine mengi. Baruti iliyomo huharibika kwa miaka, joto na unyevu, kisha siku ya ajali kasha linapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani ilianza na maeneo yenye joto na unyevu kama Florida. Hali ya hewa ya pwani yetu ni hiyo hiyo, mwaka mzima.

Kwa hiyo kabla hujalipa kianzio cha gari, mtumba au jipya, omba namba ya chasisi. Iingize kwenye ukurasa wa mtandaoni wa mtengenezaji unaoonyesha magari yanayoitwa kwa matengenezo, au uipeleke kwa wakala rasmi wa aina hiyo ya gari akuangalizie, na umtake muuzaji akuonyeshe karatasi ya kazi iliyofanyika. Akikuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine njiani, mwache auze kwa huyo mwingine. Na kama gari umeshalinunua na linakupeleka kazini kila siku, kaiangalie namba hiyo wiki hii.